Uvimbe wa neva ya sikio: upasuaji au mionzi, na kwa nini "utolewe wote uishe" sio jibu rahisi

Dada yangu mkubwa alikuwa na miaka 54 alipoanza kuhamisha simu. Miaka yote alikuwa anaibana kwa bega la kulia huku anachambua mchicha, mara tukaona anafuta mikono kwanza, anaishika kwa mkono wa kushoto, anaiweka sikio la kushoto, na yeye mwenyewe hata hakuwa amejua mpaka mwanae alipomuuliza. Usiku anasema sikio la kulia linavuma kama friji. Akaambiwa ni nta, akapewa matone, akasafishwa, miezi ikaenda, mpaka daktari mmoja wa masikio akampima usikivu vizuri akaona sikio moja tu ndo limeshuka, akamwandikia MRI, kile kipimo cha picha ya ndani ya kichwa. Jibu likaja: uvimbe wa milimita 17, akustiki nyuroma, sio kansa.

Madaktari siku hizi wanauita vestibula shwanoma, maana hautoki kwenye neva ya kusikia yenyewe, unatoka kwenye ala ya neva ya usawa inayopita jirani yake. Shida yote iko kwenye huo ujirani. Neva ya usawa, ya kusikia, na ile inayoendesha uso (kufumba jicho, kucheka, kunywa maji bila kumwagika) zote zinapita kwenye kitundu kimoja chembamba cha mfupa, kwa hiyo ukigusa mmoja umewagusa wote. Uvimbe wenyewe hausambai mwilini, unakua taratibu, kwa wastani milimita 1 au 2 kwa mwaka, na mingi inakaa miaka bila kukua kabisa. Ila ukija kuwa mkubwa unasukuma shina la ubongo na kuziba njia ya maji ya ubongo, hapo unaua hata kama sio kansa.

Nyumbani tukagawanyika siku hiyo hiyo. Kaka akasema utolewe wote, jambo liishe. Wengine wakasema kichwa kisifunguliwe, apigwe mionzi. Mama akauliza swali moja tu, "kwani akikaa hivi hivi atakufa lini?" na mi nadhani lile ndo lilikuwa swali zuri kuliko yetu wote, kwa sababu uvimbe mdogo wa aina hii mara nyingi unampa mtu muda wa kufikiri, na njia ya kwanza inayokubalika kabisa ni kusubiri na kurudia picha baada ya miezi 6.

Kuna kesi ambazo hazina mjadala. Uvimbe ukizidi sentimita 3 na unasukuma shina la ubongo, upasuaji ndo wa kwanza, maana mionzi haipunguzi mgandamizo leo wala kesho, tena huwa inauvimbisha zaidi kwa muda kabla haujanywea. Mjadala upo kwa mwenye uvimbe mdogo au wa kati, hasa ambao picha zimeonyesha unakua.

Nianze na upasuaji, maana hoja ya kaka ina nguvu. Ukitolewa wote, uwezekano wa kurudi ni mdogo sana. Kinachotolewa kinapelekwa maabara, unajua kwa uhakika ni nini. Kijana wa miaka 25 ana miaka 50 mbele yake, na kwake hiyo sio hoja ndogo. Lakini hilo neno "wote" lina historia ngumu. Harvey Cushing, aliyepunguza sana vifo vya upasuaji huu mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwa anakwangua ndani ya uvimbe na kuliacha ganda lake, kwa sababu ganda ndo limeshikana na shina la ubongo na neva ya uso. Walter Dandy akaja akasisitiza kutoa wote, na wagonjwa wengi wakapona huku nusu ya uso imepooza. Kuanzia miaka ya 1960 William House kule Los Angeles akaleta hadubini na njia ya kupitia ndani ya mfupa wa sikio, neva ya uso ikaanza kuokolewa kwa wengi, japo kwa njia hiyo usikivu wa sikio hilo unapotea moja kwa moja. Na leo madaktari wengi wakikuta uvimbe mkubwa umegandia neva ya uso wanaacha kipande kwa makusudi, halafu wanakifuatilia, kikikua wanakipiga mionzi. Kwa hiyo hata aliyechagua kisu anaweza kuishia kwenye mionzi, na hili sikuona mtu akilisema kwenye kikao chetu cha familia.

Hatari nyingine ni maji ya ubongo kuvuja, homa ya uti wa mgongo, maumivu ya kichwa ya muda mrefu. Mwigizaji Mark Ruffalo alifanyiwa upasuaji huu, uso wake ukapooza upande mmoja kwa miezi kadhaa kabla haujarudi, na sikio la kushoto halikurudi tena.

Mionzi sasa. Aliyeanzisha ni Lars Leksell wa Stockholm, akatibu uvimbe wa aina hii kwa mara ya kwanza mwaka 1969. Sio ile mionzi ya wiki 6 ambayo watu wameona kwa wagonjwa wa kansa. Mashine yake inaitwa Gamma Knife, na za sasa zina vyanzo 192 vya kobalti, kila mwale peke yake ni dhaifu, ila yote inakutana kwenye uvimbe, kiasi cha grei 12 au 13 (grei ni kipimo cha mionzi), siku moja, na wengi wanaenda nyumbani siku hiyo au kesho yake. Uvimbe unazuiwa kukua kwa zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa, na neva ya uso inaumia kwa wachache mno.

Ila hautoki, unabaki mle mle ukiwa umefishwa, na kuna watu hawawezi kulala wakijua hivyo. Tena ikishindikana, upasuaji unaofuata unakuwa mgumu zaidi kwa sababu vitu vimegandana. Kugeuka kuwa kansa ni nadra sana, lakini kwa kijana nadra hiyo inabebwa miaka mingi. Wenye NF2, yaani ugonjwa wa kijeni unaoleta uvimbe masikio yote mawili, hesabu yao ni nyingine kabisa, wasisome hapa wakaamua.

Usikivu ndo pale watu wengi wanadanganyika. Hakuna njia kati ya hizi inayorudisha kilichopotea. Watafiti wa Norway walilinganisha wagonjwa 100 wenye uvimbe chini ya sentimita 2, nusu wakapigwa mionzi mapema, nusu wakasubiri, wakatoa matokeo mwaka 2023: baada ya miaka 4 mionzi ilikuwa imepunguza uvimbe, lakini usikivu haukutofautiana kivile. Kwa hiyo atakayekwambia wahi mionzi uokoe sikio, mwombe akuonyeshe ametoa wapi.

Na gharama. Sisi tunahesabu tiketi ya India na bili ya siku moja, au CyberKnife, mashine nyingine ya mionzi ya namna hii, iliyopo hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta nje kidogo ya Nairobi. Tunasahau kwamba aliyepigwa mionzi anahitaji MRI ya kuchomwa dawa ili uvimbe uonekane vizuri, mara kwa mara kwa miaka 10 na zaidi. Kama mtu anakaa kijijini na MRI iko safari ya siku nzima na lazima aombe mchango kila mara, basi mimi naona hilo liingie kwenye uamuzi sawasawa na milimita. Aliyepasuliwa naye anafuatiliwa, ila uvimbe ukiisha wote picha zinapungua.

Maoni yangu: mwenye umri wa dada, uvimbe chini ya sentimita 2 na nusu na unakua, ningechagua mionzi, kwa sababu uso wake naupa uzito kuliko faraja ya kusikia umeisha. Angekuwa na miaka 25, au kizunguzungu kinamwangusha, ningesikiliza daktari wa upasuaji kwa muda mrefu zaidi, na ningemuuliza amefanya wangapi wa aina hii mwaka jana na nyuso zao zikoje.

Dada alisubiri miezi 6, ukafika milimita 20, akapigwa mionzi. Picha ya miezi 9 baada ya mionzi ikasoma 22, kaka akanipigia saa 5 usiku anasema si niliwaambia. Daktari alikuwa ametuambia tangu mwanzo utavimba kwanza. Picha ya mwaka na nusu imesoma 19, katikati peusi, sehemu ile imekufa. Uso uko sawa. Sikio la kulia linasikia sauti lakini maneno hayashiki tena, na mezani anakaa kiti cha mwisho upande wa kulia ili sote tuwe kushoto kwake.