Katika mashairi ya ulimbwende, mtoto halindwi na mto wala mlima

Nimesoma mwongozo mmoja wa fasihi ulioandikiwa wanafunzi wa sekondari, nao unafundisha kwamba washairi wa ulimbwende wa Uingereza, wale wa mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19 waliotukuza hisia na mazingira ya asili, waliyaona maumbile, yaani mito, milima na misitu, kuwa mama wa pili, anayemkinga mtoto na ubaya wa dunia ya watu wazima. Fundisho hilo limeniudhi sana, kwa sababu mwanafunzi atakayelishika ataingia katika mashairi yaliyojaa watoto waliouzwa, waliopotea na waliokufa, na atatoka humo akiwa ameona maua tu.

Chukueni shairi la William Wordsworth kuhusu Lucy Gray, lililochapishwa mwaka 1800. Saa nane mchana baba anamtuma binti yake mjini na kandili, akammulikie mama yake njia ya kurudi nyumbani katika theluji, kisha yeye anaendelea na kazi yake ya kuni. Dhoruba inawahi. Wazazi wanakesha wakimwita huku na huko bila kuitikiwa, na kulipopambazuka, wakiwa wamekwisha kukata tamaa, mama anaona nyayo ndogo. Wanazifuata kutoka ukingo wa kilima, kupitia ua wa miiba uliobomoka, kando ya ukuta mrefu wa mawe, kukatiza uwanja, hadi kwenye daraja la mbao. Katikati ya ubao, nyayo zinakoma. Theluji ilizitunza nyayo, haikumtunza mtoto, na aliyeandika hivyo ni mshairi yule yule ambaye mwongozo unamtumia kama shahidi mkuu wa huruma ya maumbile.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba katika shairi lake la Tintern Abbey la mwaka 1798 Wordsworth anayaita maumbile yaya, kiongozi na mlinzi wa moyo wake. Lakini anayesema hayo ni mwanamume wa miaka 28, aliyekwisha kuvuka utoto salama.

William Blake hakuacha nafasi ya kumwelewa vibaya. Katika shairi lake la mwaka 1789, mtoto mfagia dohani, anayepanda ndani ya bomba la moshi la nyumba kulisafisha masizi, amefiwa na mama na kuuzwa na baba angali mdogo mno. Mwenzake, Tom, anaota malaika akifungua majeneza meusi kwa ufunguo unaong'aa, na watoto wakikimbia katika uwanda wa kijani na kuoga mtoni. Kisha wanaamka gizani, wanachukua mifuko na brashi zao, wanaenda kazini. Mto ule umo ndotoni tu. Katika shairi lake la pili kuhusu mfagia dohani, la mwaka 1794, mtoto amesimama kwenye theluji, mweusi kwa masizi, na anapoulizwa waliko wazazi wake anajibu kwamba wote wawili wamekwenda kanisani kusali. Sheria ya mwaka 1788 ilikuwa imekataza kuwaajiri watoto walio chini ya miaka 8 katika kazi hiyo, lakini haikuwa na msimamizi wa kuitekeleza, na wavulana waliendelea kupandishwa dohani hadi miaka ya 1870. Blake aliijua London hiyo, na hasira yake imeelekezwa kwa watu, wenye majina ya baba, mama, kasisi na mfalme.

Hata pale anapochora utoto wenye furaha, katika shairi la uwanja wa kijani unaorudisha mwangwi, mwaloni unatoa kivuli, lakini chini yake ameketi mzee John mwenye mvi akiwatazama watoto wakicheza, na jua linapozama mama zao wapo wa kuwapokea. Hapo ndipo ulinzi ulipo, na mwongozo umempita mzee huyo bila kumtaja.

Samuel Taylor Coleridge naye, usiku wa jalidi wa mwaka 1798, anakesha kando ya mwanawe Hartley aliyelala, akimwahidi kwamba atatembea kando ya maziwa, fukwe na milima, mambo ambayo yeye mwenyewe, aliyesomeshwa London, hakuyapata. Nalipenda mno shairi hilo. Lakini Hartley aliyapata maziwa hayo huko Keswick, mji ulio kando ya ziwa kaskazini mwa Uingereza, na mwaka 1804 baba yake aliondoka kwenda Malta; aliyebaki na familia ile chini ya paa moja, akaitunza kwa miaka mingi, ni shemeji wa Coleridge, Robert Southey: mtu, si ziwa wala mlima.