Kansas City wanajua kununua ukuta, kukaa nao ndo hawajui

Wadau wa Bongo mnaoniuliza kila siku mpira wa huku Marekani ukoje, leo naandika kitu kinachoniuma kweli, ukuta wa Chiefs, timu ya hapa ya mpira wa Kimarekani. Naishi Kansas City na hii timu nimeipenda kama ninavyoipenda Yanga. Wengi mnaoangalia vipande kwenye simu mnamjua Patrick Mahomes tu, yule kwotabeki anayerusha mpira, lakini mbele yake kuna majitu matano ambayo kwa kawaida hata pasi hayaruhusiwi kupokea, kazi yao ni moja, Mahomes asiguswe. Senta yuko katikati, ndo anayeupitisha mpira katikati ya miguu yake kwenda nyuma, kulia na kushoto kwake wako gadi wawili, halafu kuna wawili wa pembeni kabisa. Yule wa pembeni kushoto ndo ameshika roho ya timu, kwa sababu Mahomes anarusha kwa mkono wa kulia, akijipanga kurusha, upande wa kushoto anaupa mgongo na haoni anayekuja.

Tarehe 7 Februari 2021 Chiefs walipigwa 31-9 na Tampa Bay kwenye Super Bowl, ndo fainali ya ligi. Wale wawili wa pembeni, Eric Fisher na Mitchell Schwartz, wote majeruhi, Fisher kano ya kisigino na Schwartz mgongo, na gadi mmoja Laurent Duvernay-Tardif, ambaye ni daktari wa kusomea kabisa, msimu ule aliacha mpira akaenda kuhudumia wazee kule Montréal wakati wa korona. Kwa hiyo ukuta ulikuwa wa kuungaunga, Mahomes akafukuzwa uwanja mzima, mara 29 walimfikia au kumbana, rekodi ya Super Bowl.

Sasa hapa ndo nawapa watu wa huku heshima yao. Mnakumbuka Novemba 2023 Simba walipokula tano kwa moja kutoka kwetu? Siku mbili baadaye Robertinho hana kazi, na vijiweni kote maneno ni kocha, fowadi, viongozi, basi. Huku kocha Andy Reid hakuguswa, Mahomes hakulaumiwa, wakaenda moja kwa moja kwenye ukuta. Wakamleta Joe Thuney kutoka New England kwa mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 80, Orlando Brown wakamchukua Baltimore, senta Creed Humphrey wakampata raundi ya pili ya drafti, yaani pale timu zinapochagua vijana wa vyuo kwa zamu, na Trey Smith wakampata raundi ya sita, mtu wa 226, timu nyingine zilimuogopa sababu aliwahi kupata damu kuganda kwenye mapafu. Msimu ulipoanza wote watano walikuwa wapya! Na miaka miwili baada ya kile kipigo, Februari 2023, Philadelphia Eagles walikuja Super Bowl wakiwa wameangusha makwotabeki mara 70 ndani ya msimu, lakini usiku ule Mahomes hakuangushwa hata mara moja, Chiefs 38 Eagles 35. Yaani nikiwaambia watu nyumbani kwamba gadi, mtu ambaye hata jina lake mtangazaji analitaja akikosea tu, anasaini dola milioni 94 kwa miaka minne kama alivyosaini Trey Smith, hawaniamini. Huku kazi isiyoonekana inalipwa, na hilo natamani sana lifike kwetu.

Lakini kuna upande wa pili. Fisher na Schwartz waliachwa siku moja, tarehe 11 Machi 2021, wiki chache tu baada ya ile fainali, wote bado wanauguza. Fisher alikuwa chaguo la kwanza kabisa la drafti ya 2013, miaka minane amewatumikia, karibu yote amesimama pale kushoto. Schwartz hakucheza tena. Mtaniambia biashara ni biashara, sawa, ila huku ndivyo kazi nyingi zilivyo, ghalani ninapofanya kazi kulikuwa na mzee mmoja mgongo ukamgomea, haikuchukua muda kadi yake ikawa haifungui mlango, na huku bima ya afya kwa wengi wetu imefungwa kwenye kazi, kazi ikiondoka na bima imeondoka. Nyumbani mshahara unachelewa na bima wengi hatuna kabisa, hilo silifichi, lakini fundi aliyezeeka garage bado anakuja asubuhi anakaa kwenye stuli anawaelekeza vijana, na vijana wanajua kwa sababu yeye yupo.

Na ukuta unataka hicho hicho, watu wanaojuana. Washambuliaji wa adui hawaji wamenyooka, wanapishana, wa ndani anatoka nje na wa nje anaingia ndani, na gadi na mwenzake wa pembeni inabidi waachiane watu bila kuongea, kwa sekunde moja tu. Ugenini kelele zinakuwa kubwa mpaka sauti ya Mahomes haisikiki, gadi anageuka kumwangalia kwotabeki kisha anamgusa senta kumwambia sasa. Ni kama kinamama wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja, mchi ukishuka mwingine unapanda, huwezi kumweka mgeni pale ukategemea asigonge.

Chiefs hili walilijua kulia na katikati, kushoto wakasahau. Brown aliondoka 2023 akaenda Cincinnati, akaja Donovan Smith wa msimu mmoja, 2024 wakamweka Kingsley Suamataia, kijana mbichi ndo kwanza katoka chuo, mechi ya pili tu dhidi ya Bengals akazidiwa wakamtoa. Akaingia Wanya Morris, naye akachoka, wakamleta D.J. Humphries, mechi ya kwanza tu msuli wa paja, mwisho Thuney akatolewa kwenye ugadi wake akapelekwa pembeni, maana yake umeziba tundu moja umefungua jingine. Februari 2025 Eagles wakarudi. Safari hii hata hawakuhitaji kuongeza mtu wa kushambulia, watu wao wanne wa mbele waliwatosha watano wetu, Mahomes akaangushwa mara sita, 40-22. Nililala vibaya siku ile.

Halafu mwezi uliofuata wakamuuza Thuney Chicago. Kwa chaguo la raundi ya nne! Mtu ambaye misimu miwili mfululizo alikuwa kwenye kikosi bora cha kwanza cha ligi nzima, mtu aliyekubali kuhama nafasi ili timu ifike fainali. Najua kuna kikomo cha mishahara kwenye ligi hii, NFL, na Trey Smith alikuwa anataka hela yake, najua Thuney umri umeenda, bado nasema walikosea, kwa sababu pale kushoto walihitaji mtu mzima wa kusimama na kijana.

Na msiseme ligi yenyewe ndo hairuhusu kukaa na watu. Eagles haohao, Lane Johnson yuko kulia tangu 2013, na Jeff Stoutland, aliyewafundisha ukuta miaka mingi, alifika mwaka huohuo. Kushoto wana Jordan Mailata, Mwaustralia aliyekuwa anacheza ragbi, walimchukua 2018 akiwa wa 233 na hajawahi kucheza huu mpira hata siku moja, misimu miwili ya mwanzo hakucheza mechi hata moja ya ligi, Stoutland anamfundisha tu. Leo ndo huyo aliyetufunga mdomo.

Hata kwetu ipo. Yanga tulibeba ubingwa mara nne mfululizo, 2022 mpaka 2025, tukafika fainali ya Shirikisho 2023, na nyimbo zote alikuwa anaimbiwa Mayele, baadaye Aziz Ki, wakati nyuma Mwamnyeto yupo toka 2020, Job toka 2021, Bacca toka 2022, na Diarra golini anawajua mpaka wanavyopumua. Mafowadi walikuja wakaondoka, wale wakabaki. Nani kawahi kuwaimbia?

Kwenye drafti ya 2025 Chiefs wakamchukua Josh Simmons wa chuo cha Ohio State, chaguo la 32, kijana mwenye miguu mizuri ila kano ya goti ilikatika Oktoba 2024, na Suamataia wakamhamishia ugadi wa kushoto, kwa hiyo vijana wawili wakapangwa bega kwa bega. Mimi naomba kitu kimoja kwa Reid na kocha wake wa ukuta, wawaache hapo. Simmons atapitwa, Mahomes ataangushwa, mashabiki watapiga kelele redioni kufika wiki ya nne, wasimtoe. Wakimtoa wataleta mzee mwingine wa mkataba wa mwaka mmoja na mwakani tutakuwa tunaongea haya haya.