Homa ya mtoto: tuishushe au tuiache ifanye kazi yake?

Mtoto akichemka usiku, wazazi wengi wa Mtwara na Lindi humvua nguo, humpangusa kwa maji na kumpa parasetamoli, kwa kuwa wanaiogopa degedege kuliko homa yenyewe. Hofu hiyo naiheshimu. Lakini wanaosema kwamba homa ni silaha ya mwili nao wana hoja nzito.

Vimelea vya malaria vinapopasua chembe nyekundu za damu, seli za kinga humwaga kemikali ambazo taarifa yake hufika kwenye haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayopanga joto la mwili, na huko kemikali iitwayo prostaglandini hupandisha kiwango kilichopangwa. Mwili wenye nyuzi 37 huanza kujihisi una baridi, ndiyo maana mtoto hutetemeka na kuomba shuka huku joto lake likizidi kupanda. Joto hilo lina kazi, kwani kwenye nyuzi 40 vimelea vilivyokomaa hushindwa kukua vizuri. Katika utafiti uliotolewa mwaka 1997 kutoka Gabon, watoto wenye malaria waliopewa parasetamoli pamoja na kwinini, dawa ya malaria, walichukua wastani wa saa 75 kumaliza vimelea katika damu. Wenzao waliopewa kwinini bila parasetamoli walichukua saa 59.

Upande wa pili, homa ina gharama. Kila nyuzi moja inayoongezeka hupandisha matumizi ya nguvu ya mwili kwa takriban asilimia 10, mzigo mkubwa kwa mtoto ambaye malaria imekwisha kumpunguzia damu. Degedege ya homa ya kawaida, inayowapata watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, kwa kawaida hukoma kabla ya dakika 15 bila kuacha madhara, na parasetamoli haijathibitika kuizuia kwa uhakika. Malaria ya ubongo ni jambo jingine kabisa: chembe zenye vimelea hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo na kuzuia damu kupita. Kwa watoto wa namna hiyo waliolazwa Zambia na Malawi, utafiti wa mwaka 2024 ulionyesha kuwa kushusha homa kwa nguvu, kwa parasetamoli na ibuprofeni, kulipunguza degedege za kurudiarudia.

Kwa hiyo sioni ubaya wa kumpa mtoto parasetamoli ili apoe, anyonye na alale. Ninachokihofia ni asubuhi inayofuata, pale dawa ya maji iliyonunuliwa duka la dawa muhimu inapomfanya mtoto acheze, na safari ya zahanati kwa kipimo cha malaria ikaahirishwa, ilhali kila baada ya saa 48 hivi vimelea huzaa kizazi kipya. Zamani kuchelewa kulitokana na imani kwamba degedege ni dege la kishetani, na mgonjwa wake ni wa mganga, si wa sindano. Leo chupa ya parasetamoli inaweza kuleta ucheleweshaji uleule. Anayeishi kijiji cha mbali Tandahimba au Liwale na ampe dawa usiku, kisha alfajiri aondoke naye hata kama amepoa. Lakini aliyepata degedege, au asiyeamka akiitwa, asisubiri alfajiri.