Chokaa ya Kelmscott na saruji ya kwetu

Jumamosi nilikwenda Kelmscott, kijiji kidogo cha Oxfordshire, Uingereza, karibu na mto Thames, kuiona nyumba aliyoikodi William Morris, msanii na mshairi wa Kiingereza, mwaka 1871. Nimerudi nina furaha na hasira kwa pamoja.

Si kasri ile. Ni nyumba ya mkulima mwenye uwezo, ya kama mwaka 1600. Kuta ni za mawe, na paa nalo la mawe: vipande bapa, vikubwa chini ukingoni, vikipungua safu kwa safu mpaka juu kabisa vinakuwa vidogo. Nilisimama uani shingo imenikakamaa kwa kutazama juu.

Morris ndiye aliyeasisi chama cha kutetea majengo ya kale mwaka 1877, na mpaka leo chama hicho kinahimiza: ukuta uliojengwa kwa chokaa uutengeneze kwa chokaa. Chokaa inapumua, unyevu ukiingia hutoka. Saruji inaufungia ndani.

Sasa nambieni, babu zetu wa Mji Mkongwe, Zanzibar, hawakuyajua hayo? Matumbawe, chokaa, boriti za mikoko, na nyumba zikasimama. Leo pita mitaa yake ya Shangani au Malindi: plasta ya saruji imebabuka, ukuta umelowa, ncha za boriti zinaozea humo humo ukutani. Beit al-Ajaib, jumba la sultani la mwaka 1883, upande mmoja uliporomoka 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, watu wawili wakafa. Nililia siku ile, wala sioni haya kusema.

Najua mtasema nimeshakuwa Mzungu, kazi yangu kusimanga. Hata! Wazungu wenyewe karne iliyopita walizipiga saruji nyumba nyingi za mawe, na sasa wanalipa mafundi kuibandua. Mwingine ataniambia wao wana hela. Wanazo, na sisi tuna warithi kumi wasioelewana juu ya nyumba moja. Nimezaliwa humo, nayajua. Lakini chokaa haikuja kwa meli. Inachomwa kwetu, kwa mawe yetu, na mafundi wake tunao, ila wamezeeka na vijana hawajafundishwa.

Kaka, najua unataka kuipiga plasta nyumba ya marehemu bibi kabla ya Ramadhani. Nakuomba mbele ya watu: usinunue saruji. Mtafute kwanza yule mzee wa chokaa, maadamu bado anapanda ngazi, na umpe vijana wawili wa kumsaidia. Ujira wao nitautuma mimi.