Kura moja ya Chake Chake ubaoni

Katika uchaguzi wa Zanzibar wa Januari 1961 jimbo la Chake Chake, Pemba, liliamuliwa kwa kura moja tu, na Afro-Shirazi Party (ASP) ndiyo iliyolichukua. Viti vilikuwa 22. Baada ya kuhesabu, ASP ilikuwa na 10, Zanzibar Nationalist Party (ZNP) 9 na Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP) 3. Hao watatu wa ZPPP nao hawakubaki pamoja: mmoja alikwenda ASP, wawili wakaenda ZNP. Kumi na moja huku, kumi na moja kule. Serikali haikuundika, ikabidi uchaguzi urudiwe Juni.

Kwa mwalimu wa hisabati anayetaka kusomesha kwa namba za chaguzi za kweli, hii ni neema. Muulize mtoto wa darasa la tano: lau mpiga kura mmoja wa ASP angelala na homa siku ile pale Chake, ingekuwaje? Sare. Na lau angekwenda kituoni akampigia mpinzani? Wengi watajibu sare tena, mpaka washike vijiti wahesabu, waone kuwa kura inayohama hutoka huku na kuingia kule, kwa hivyo pengo hugeuka kwa mbili. Kisha waulize habari ya viti. ASP ingebaki na 9, na hata akijumlishwa yule wa ZPPP ni 10. Upande wa pili ungekuwa na 12, yaani nusu na ziada, na serikali ingepatikana pale pale Januari. Na kwa nini kabla ya kurudia liliongezwa jimbo la 23? Mtoto anayejua witiri na shufwa atajibu mwenyewe.

Laiti mambo yangeishia hapo. Tarehe 1 Juni 1961, siku ya kura, fujo zilizuka mjini Unguja zikasambaa hadi mashamba, na watu 68 wakafa. Namba tunazotaka kuwapa watoto ziliwahi kutoka na damu. Ndiyo maana swali la kusomesha hisabati kwa chaguzi za kweli lina uzito mwingine hapa kwetu. Marekani mwalimu huweza kuandika ubaoni kura 537 zilizoamua jimbo la Florida katika uchaguzi wa rais wa mwaka 2000, watoto wakapiga asilimia, kengele ikalia, wakaenda kucheza. Kwetu mtoto huenda nazo nyumbani.

Nalisema hili kwa kuwa limenifika. Nilipokuwa nikisomesha skuli moja ya msingi hapa Pemba, tuliwahi kumchagua kiongozi wa darasa kwa kura za siri, vikaratasi vilivyokatwa kutoka daftari la mistari. Tulihesabu kwa vijiti ubaoni, vinne wima na cha tano kikivikata mshazari, ili watoto wajifunze kuhesabu kwa mafungu ya tano. Asubuhi yake kijana mmoja alikuja mezani kwangu kabla ya wenziwe kuingia, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, baba kasema skuli tusihesabu kura." Hakuwa na jeuri, alikuwa anafikisha ujumbe. Nilifuta ubao. Sikumlaumu mzee yule wala leo simlaumu. Sikujua nyumba ile ilipitia nini Januari 2001, watu walipopigwa risasi kwenye maandamano Pemba na wengine wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya.

Kwa hivyo hoja ya wanaopinga naichukua kwa uzito wake wote. Wanasema darasa ni mahali pekee ambapo mtoto wa nyumba hii na wa nyumba ile hukaa dawati moja bila ya kuulizana rangi ya bendera, na ukileta kura umeleta bendera. Wanasema mwalimu ni mtumishi wa serikali, anaishi mtaani, na kosa la desimali moja litasomwa kuwa ni la makusudi. Wapo pia wanaotaja shida ya muda na ya lugha: Sera ya Elimu ya 2006 iliamua hisabati isomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, wakati mazungumzo ya kura hapa ni ya Kiswahili kitupu. Hili la lugha naliona dogo. Mtoto anayeijua asilimia kwa Kiswahili hatashindwa kuihamisha.

Lakini hoja ile kubwa ina tundu. Inachukulia kwamba tukinyamaza skuli, mtoto atakuwa salama na hesabu hizi. Hatakuwa salama. Anazisikia barazani kwenye kahawa, anazisikia kwa babu yake, tena anazisikia nusu nusu. Babu mmoja atamwambia mwaka 1963 ASP ilipata asilimia 54 ya kura ikanyimwa serikali. Mwengine atamwambia ASP ilishindwa, viti ni viti. Wote wawili wamesema kweli, na mtoto hana chombo cha kuona vipi kweli mbili zinakaa pamoja.

Chombo hicho kinaweza kuanzia kwenye juisi. Tuseme darasa lina watoto 40 na siku ya sherehe itanunuliwa ndoo ya juisi ya aina moja. Watoto 16 wanataka ukwaju, ukikosekana basi embe, mabungo mwisho. 14 wanataka mabungo, kisha embe, ukwaju mwisho. 10 wanataka embe, kisha mabungo, ukwaju mwisho. Kwa kanuni ya aliyepata nyingi kuliko wenzake, ukwaju umeshinda kwa 16. Tukisema wawili wa juu warudie, embe inatoka, wale 10 wanahamia mabungo, na mabungo yanashinda 24 kwa 16. Tukizipambanisha mbili mbili, embe inaushinda ukwaju 24 kwa 16 na inayashinda mabungo 26 kwa 14. Watoto ni wale wale, matamanio ni yale yale, kanuni tatu zimetoa juisi tatu. Wafaransa Borda na Condorcet walishughulishwa na kitendawili cha namna hii karne ya 18, na mwaka 1951 Mmarekani Kenneth Arrow alithibitisha kihisabati kwamba, wagombea wakishafika watatu, hakuna kanuni ya kupanga chaguo za watu inayoweza kutimiza masharti yote ya haki ambayo kila mmoja wetu angeyaona ya kawaida. Mtoto hahitaji kumjua Arrow. Anahitaji kubishana kuhusu ndoo ile mpaka aone kwamba kanuni ilipaswa kukubaliwa kabla ya kura.

Akishaliona hilo, mpe uchaguzi wa Julai 1963. Viti 31. ASP kura 87,085, ZNP 47,950, ZPPP 25,609. Ajumlishe mwenyewe apate 160,644, agawanye apate asilimia 54.2 ya ASP. Kisha mpe viti: ASP 13, ZNP 12, ZPPP 6. ZNP na ZPPP wakaungana, 18 kwa 13, na serikali ya Mohammed Shamte ndiyo iliyopokea uhuru tarehe 10 Disemba na kuangushwa tarehe 12 Januari 1964. Sasa agawanye kura kwa viti. Kila kiti cha ASP kiligharimu kura 6,699. Cha ZPPP 4,268. Cha ZNP 3,996. Na lau viti vingegawiwa kwa uwiano wa kura, ASP ingepata 17, ZNP 9, ZPPP 5.

Vipi ikawa hivyo? Mpe majimbo matatu ya kubuni yenye wapiga kura 5,000 kila moja. Chama kinashinda la kwanza 4,000 kwa 1,000, kinashindwa mawili yaliyobaki 2,400 kwa 2,600. Kura zake ni 8,800 dhidi ya 6,200, viti ni kimoja kwa viwili. Kura zilizorundikana mahali pamoja zinaongeza shangwe, haziongezi kiti. Si ajabu ya Zanzibar peke yake: Uingereza, iliyotuachia kanuni hiyo ya anayeongoza jimboni kuchukua kiti, mwaka 1951 chama cha Labour walipata kura nyingi kuliko Conservative wakapata viti 295, na Conservative na washirika wao 321.

Hapa lazima nikiri jambo. Zamani nilidhani uchaguzi wa 1963 ni wa salama kwa kuwa ni wa kale. Si kweli, haujapoa. Ile asilimia 54.2 bado inabeba mjadala mzima wa uhalali wa yaliyofuata, na mtu anaweza kusema kuichagua ni kuegemea upande. Jibu langu ni kwamba hesabu hii inamkata kila mmoja. Anayesema ASP walikuwa wachache inamwambia hapana, tazama jumla. Anayesema haiwezekani wengi wakakosa serikali ila kwa wizi inamwambia hapana pia, tazama yale majimbo matatu. Na pale wanapofika kwenye swali la haki, kama kanuni ile ilifaa na kama mipaka ya majimbo ilichorwa sawa, inanyamaza. Mtoto akiona mahali hesabu inaponyamaza, amejifunza kitu ambacho wakubwa wengi hatujakijua.

Kutokana na hilo ninapima chaguzi zipi ziingie darasani. Umri wa uchaguzi si kipimo. Kipimo ni kama pande zote zinazikubali namba zenyewe na kugombana juu ya maana yake. Januari 1961 imo. 1963 imo. Kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, ya kuamua kama iwepo serikali ya umoja wa kitaifa, imo: ndiyo 188,705, hapana 95,613, na mtoto apige aone kama ilifika theluthi mbili au ilipungua kidogo. Uchaguzi wa rais wa Zanzibar wa Oktoba mwaka ule umo pia, Dk. Shein wa CCM 179,809 na Maalim Seif wa CUF 176,338, kwa sababu Maalim aliyakubali matokeo na serikali ya umoja ikaundwa.

1995 haumo. Dk. Salmin wa CCM asilimia 50.2, Maalim Seif 49.8, na kilichogombaniwa kwa miaka ni kama zile ndizo kura zilizopigwa. 2015 ndiyo kabisa: matokeo yalifutwa tarehe 28 Oktoba, uchaguzi ukarudiwa Machi 2016 na CUF wakaususia, ukampa Dk. Shein asilimia 91.4. Mwalimu akiandika 50.2 au 91.4 ubaoni na kupiga mstari chini yake, ameshatoa hukumu kabla watoto hawajatoa kalamu. Hizo ni za vijana wa sekondari ya juu, kwenye somo la historia, na mbele ya mwalimu aliyejiandaa kusikia mawili.

Wala nisingeanza mwaka wa uchaguzi. Ningechagua mwaka mtulivu, darasa la sita, na ningewaita wazee wa watoto siku moja kabla waione karatasi yenyewe: jedwali la 1963, vyama vitatu, kura, viti, na safu moja tupu ambayo watoto wao wataijaza kesho.