Kisahani cha Newton hakigeuki cheupe

Karibu kila aliyesoma fizikia amekutana na kisahani cha Newton. Ni duara la karatasi ngumu lililogawanywa vipande vinavyokutana katikati, kila kipande na rangi yake, kuanzia nyekundu hadi urujuani. Mwalimu anakizungusha kwa kasi, rangi zinapotea, kisha anauliza: "Mnaona nini?" Darasa zima linaitikia: "Nyeupe!" Sasa kitazame vizuri kisahani chenyewe kikiwa bado kinazunguka. Ni cha kijivu, pengine chenye umanjano kidogo, kama karatasi iliyosahaulika juani.

Sababu ni nyepesi. Kipande kilichopakwa nyekundu kinaakisi sehemu nyekundu ya mwanga na kumeza karibu yote iliyobaki; cha kijani vivyo hivyo, cha buluu vivyo hivyo. Kikizunguka, jicho linapokea wastani wa kilichosalia, nao ni mdogo kuliko mwanga ambao karatasi nyeupe iliyo kando yake ingeurudisha. Nyeupe hafifu ikikaa jirani na nyeupe kamili, tunaiita kijivu. Lakini kitabu kimesema nyeupe, mwalimu amesema nyeupe, na mtihani utataka nyeupe. Basi darasa linaona nyeupe.

Kwa mambo kama haya wapo wanaoyaita majaribio ya kuonyesha mbele ya darasa mazingaombwe tu: yanapendeza, yanakula kipindi, hayaachi kitu kichwani. Wana ushahidi. Mwaka 2004 Catherine Crouch, Eric Mazur na wenzao wa Harvard walichapisha matokeo ya kulinganisha makundi ya wanafunzi wa fizikia. Kuna ambao hawakuliona onyesho, kuna waliolitazama tu, na kuna waliotakiwa kwanza kutabiri kitakachotokea. Waliotazama tu hawakuwapita kwa lolote la maana wale ambao hawakuona kitu, linapokuja suala la kuelewa kanuni yenyewe. Nafuu ilionekana kwa waliotabiri.

Historia nayo inawaunga mkono. Mwaka 1861 mwanafizikia James Clerk Maxwell alionyesha, katika taasisi ya sayansi ya Royal Institution ya London, picha ya rangi ya utepe wa kitambaa. Mpiga picha Thomas Sutton alikuwa ameupiga utepe huo kupitia vichujio vya rangi tofauti, kikiwamo chekundu, cha kijani na cha buluu. Kila picha ilimulikwa kupitia kichujio chake, zikapandana ukutani, na rangi za utepe zikajitokeza. Ila kemikali za picha za wakati ule hazikuwa zikihisi mwanga mwekundu. Ilichukua takriban miaka mia moja kubaini kwamba kitambaa chekundu kiliakisi pia mionzi ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho, kichujio chekundu kikaipitisha, na mionzi hiyo ndiyo iliyochora picha "nyekundu". Nadharia ya Maxwell, kwamba mchanganyiko wa nyekundu, kijani na buluu unaweza kuunda rangi nyingine, ilikuwa sahihi. Onyesho lake lilifaulu kwa njia ya panya. Ikiwa ukumbi wa wataalamu haukugundua, darasa la vijana litagundua nini?

Hoja hiyo ni nzito, lakini hainifikishi kwa wanaotaka tuweke vifaa kabatini na kucheza video. Kwa mada nyingine, sawa. Video ya pendulumu inaonyesha pendulumu. Kwa mwanga na rangi, skrini yenyewe ni sehemu ya swali. Taa ya sodiamu ya maabara hutoa manjano yenye urefu wa wimbi wa nanomita 589 hivi. Irekodi, kisha icheze kwenye simu: simu haina hayo manjano. Inachofanya ni kuwasha nyekundu na kijani kwa pamoja, na kuliachia jicho likamilishe kazi.

Hili mtu anaweza kulihakikisha sasa hivi. Chovya kidole kwenye maji, dondosha tone dogo kabisa juu ya kioo cha simu inayoonyesha ukurasa mweupe, kisha sogeza jicho karibu. Tone linakuwa lenzi, na weupe unavunjika kuwa vidoa vya nyekundu, kijani na buluu. Badilisha ukurasa uwe wa manjano: vidoa vya buluu vinazimika, viwili vinabaki, na humo ndani huoni manjano popote. Ondoa jicho, manjano yanarudi. Mkiwa na taa ile ya sodiamu na CD kuukuu mnaweza kwenda mbele zaidi. Mistari ya CD imepishana kwa mikromita 1.6, hivyo inachambua mwanga kama prizimu inavyofanya, ingawa kwa njia nyingine. Manjano ya sodiamu yanarudi yakiwa manjano. Manjano ya skrini yanarudi yakiwa nyekundu upande mmoja na kijani upande mwingine. Jicho lilisema ni rangi moja; CD inakataa. Sijui maelezo ya ubaoni yanayoweza kumtikisa mwanafunzi namna hiyo, na hakuna video inayoweza kuyaonyesha bila kujipinga yenyewe.

Onyesho jingine ninalolipa heshima halina hata rangi. Lenzi inatupa taswira ya mshumaa kwenye karatasi. Mwalimu anashika kipande cha boksi na kuuliza: nikifunika nusu ya juu ya lenzi, taswira itakuwaje? Tatizo hili lilichunguzwa na watafiti wa ufundishaji wa fizikia, Fred Goldberg na Lillian McDermott, waliochapisha mwaka 1987, na wanafunzi wengi wa chuo walijibu kwamba nusu ya taswira itatoweka. Inabaki nzima. Inafifia tu, kwa sababu kila sehemu ya lenzi inapokea mwanga kutoka kila nukta ya mshumaa. Likifanywa bila swali, onyesho hili linapita kama upepo: taswira ilikuwepo, bado ipo, tuendelee. Aliyeandika "nusu" kwenye daftari lake, kwa wino, hana pa kujificha.

Kwa hiyo gharama ya kweli ni kipindi. Kutabiri, kubishana na kueleza kunakula dakika, na mwalimu mwenye silabasi ndefu atabakiwa na maonyesho mawili pale alipokuwa na sita. Kwangu ni biashara nzuri. Ningeanza kwa kuacha lile la maziwa ndani ya maji yanayomulikwa na tochi, linaloeleza ubuluu wa anga. Ni zuri, nalipenda, lakini tone moja likizidi birika zima linakuwa jeupe, na chembe za mafuta ya maziwa ni kubwa mno kulinganisha na molekuli za hewa. Mwalimu huishia kutumia muda mwingi kulitetea kuliko kulieleza. Leza zenye nguvu na lenzi zinazoelekezwa juani sizijadili hata kidogo: macho hayana vipuri.

Kisahani cha Newton nisingekitupa. Ningekizungusha, nikaweka karatasi nyeupe kando yake, na kumsubiri wa kwanza atakayesema "lakini hicho ni kijivu". Halafu ningenyamaza. Vivyo hivyo kwa mwanafunzi anayetazama spektra, yaani utepe wa rangi za mwanga uliochambuliwa, na kuhesabu rangi tano au sita. Newton mwenyewe alifika saba akitafuta ulinganifu na noti za muziki, na spektra haina mipaka iliyochorwa.

Kuna wapinzani wa maonyesho wanaotaja jambo moja ambalo watetezi hulikwepa: si macho yote darasani yanaona sawa. Kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, takriban mvulana mmoja kati ya kumi na wawili ana tofauti katika kuona nyekundu na kijani. Tochi mbili, moja nyekundu na moja ya kijani, zikipandana ukutani, jirani yake anaona manjano na yeye haoni hivyo. Mwalimu akimnyamazisha, onyesho limemdhulumu. Mwaka 1881 mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh alikuwa akilinganisha manjano halisi na mchanganyiko wa nyekundu na kijani, akakuta baadhi ya watu, wakiwamo shemeji zake, wakikataa vipimo vilivyowaridhisha wengine. Hakuwaambia watazame tena mpaka waone sawasawa. Aliandika vipimo vyao, na ulinganisho huohuo wa manjano ndio ulio ndani ya kifaa kinachotumika mpaka leo kupima macho ya aina hiyo.