Pengo kwenye ramani si pengo la utafiti

Mwanafunzi wa uzamili anayesoma usimamizi wa maarifa, yaani namna taasisi zinavyounda, kutunza na kugawana maarifa, siku hizi huambiwa aanze na bibliometriki, yaani kuupima utafiti kwa kuhesabu machapisho na nukuu zake. Anaingia Scopus au Web of Science, hifadhidata za kulipia zenye taarifa za makala za kitaaluma, anaandika jina la taaluma kwa Kiingereza, anapakua taarifa za maelfu ya makala na kuzipitisha kwenye programu ya VOSviewer. Punde inatokea ramani ya miduara ya rangi: mwandishi anayenukuliwa sana ana mduara mkubwa, na wanaonukuliwa pamoja wanakaa karibu.

Kazi hii ina faida kubwa. Tangu msomi Mjapani Ikujiro Nonaka achapishe nadharia yake ya uundaji wa maarifa mwaka 1994, na jarida la Journal of Knowledge Management lianze mwaka 1997, makala zimeongezeka kiasi kwamba hakuna awezaye kuzisoma zote. Ramani humwonyesha mgeni wa taaluma wapi pa kuanzia, bila kutegemea upendeleo wa msimamizi wake. VOSviewer yenyewe ni ya bure. Hifadhidata ndizo ghali, na hapo ndipo vyuo vyetu vingi hukwama.

Ila kuna jambo linalonikera. Mfano maarufu wa Nonaka unahusu kampuni ya Matsushita ya Japani, iliyokuwa ikiunda mashine ya kuoka mkate nyumbani. Mkate ulitoka na ganda lililoungua huku ndani ukiwa mbichi. Mhandisi mmoja akaenda kujifunza kwa mwokaji wa hoteli huko Osaka, akagundua kwamba yule bwana huuvuta na kuusokota unga uliokandwa kwa namna yake. Ujuzi ule ulikuwa mikononi, haukuandikwa popote. Taaluma iliyojengwa juu ya mfano huo sasa inajipima kwa karatasi.

Watetezi watajibu kwamba bibliometriki hupima utafiti, haipimi maarifa yenyewe. Ni kweli, na ningeridhika iwapo matokeo yangeishia hapo. Lakini mara nyingi sehemu tupu ya ramani hugeuzwa kuwa "pengo la utafiti". Anayesoma huamini kwamba Afrika Mashariki haijachunguza, tuseme, maarifa asilia ya wakulima: namna mama anavyoning'iniza mahindi ya mbegu juu ya jiko ili moshi uzuie wadudu. Utafiti wa maarifa ya namna hiyo upo. Uko kwenye tasnifu za vyuo vyetu, na kwenye majarida yaliyomo African Journals Online, hazina ya mtandaoni ya majarida ya Afrika iliyoanzishwa mwaka 1998, ambayo majarida yake mengi hayamo Scopus. Na makala iliyoandikwa kwa Kiswahili kitupu haiwezi kunaswa na neno la Kiingereza.

Onyo hili limetolewa hata na wenye chombo. Ludo Waltman, mmoja wa waundaji wa VOSviewer, ni kati ya waandishi watano wa Manifesto ya Leiden ya mwaka 2015, tamko kuhusu matumizi sahihi ya vipimo vya utafiti, ambayo mojawapo ya kanuni zake 10 inataka utafiti bora wenye manufaa kwa jamii husika ulindwe, ukiwemo ule wa lugha zisizo Kiingereza.

Kwa hiyo sipendekezi bibliometriki iachwe. Ninachotaka ni msimamizi akatae neno "pengo" katika pendekezo la utafiti mpaka mwanafunzi aseme ametafuta katika hifadhidata ipi, kwa lugha ipi, na aonyeshe orodha ya tasnifu alizozifungua maktabani kwa mkono wake.